Kadhi wa Magari

Gari lilipoingia Garissa kutoka Habaswein, yeye alilisalimu kabla ya kumsalimu dereva. Aliinuka kwenye benchi lake nje ya mkahawa, akakaza kikoi kiunoni, akaenda polepole, akaweka kiganja juu ya boneti na kukiacha pale hata bati likiwa linaunguza. "Alhamdulillahi," alisema. Kisha akamgeukia dereva: "Imekusumbua?" Hakuuliza kama mtu mwenyewe amesumbuka. Dereva alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na pengine saa tatu zilizopita alikuwa amelala kifudifudi chini ya gari hilo hilo akisikiliza risasi, lakini alijibu juu ya gari kwanza. Ndiyo ilikuwa adabu ya pale. Niliiona siku yangu ya pili mjini, na siku hiyo hiyo nikaanza kumdharau.

Watu walimwita Kadhi wa Magari. Hawakumwita hivyo kwa kejeli. Kejeli ni yangu. Mtu aliyetaka kununua pikapu au kuikodi alikwenda kwake kama mwenye kesi ya mirathi anavyokwenda kwa kadhi wa kweli. Alikaa, akaletewa chai ya maziwa ya ngamia, akaeleza shauri lake, akahukumiwa. Pikapu za Garissa wakati huo zilikuwa za namna tatu, nasi tulizitaja kwa nchi zilikotoka, kwa hiyo hukumu zake nazo zilikuwa tatu, na hazikubadilika asubuhi wala jioni.

"Mwingereza hafi," alisema. "Mfaransa anakufa leo. Mjapani amezaliwa amekufa."

Alisema "bikabu" na "fizuri", kama wasemavyo wengi wa kule, na hilo halikunichekesha. Kisomali chake kilikuwa fasaha, na Kisomali changu mimi Mtaita hakikutosha kununua chumvi. Kilichonichekesha ni ushahidi wake. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi michache tu, nimefundishwa kwamba kila dai lina deni la ushahidi, nami nilikuwa nikidai deni hilo kwa kila mtu, hata kwa mwadhini.

"Mjapani umemwona wapi?" nilimwuliza.

"Nimeona moja. Pale karibu na daraja."

"Ilikuwa imeharibika?"

"Ilikuwa imesimama."

"Pengine dereva alikuwa ameshuka kuswali."

"Gari nzuri," alisema, akipuliza chai yake, "haisimami hivyo."

Waliokuwapo wakatikisa vichwa kwa kuafiki. Nikaondoka nikijiambia kwamba mji huu unastahili vita vyake. Nilikuwa kijana, na maneno makubwa yalinijia kwa urahisi.

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake uliishia kwa nani. Sikuuliza, kwa sababu kila mtu mwingine pale aliuliza hilo tu. Najua kwamba kabla ya vita alikuwa dalali wa ngamia, na wanaosema kweli husema alikuwa dalali bora kuliko wote. Alikaa kati ya muuzaji na mnunuzi, mikono ikiwa chini ya shuka, vidole vikisema bei ambayo hakuna mdomo uliothubutu kuitamka, na akatoka pale na watu wawili walioridhika. Vita vya serikali na shifta vikaja. Mnada ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena. Wafugaji wakakusanywa kambini pamoja na mifugo iliyobaki, na ngamia wakafa kwa kukosa malisho. Dalali akabaki na jicho lake na hana cha kulitazamisha. Ndipo akaligeuzia magari.

Alipima gari kama mnyama. Alilizunguka mara mbili, akainama kutazama tumbo lake, akabonyeza springi za nyuma kama abonyezavyo nundu. Aliuliza, "Mama yake nani?", maana yake limetengenezwa nchi gani, kwa kuwa kwake yeye ubaya wa ngamia hupitia kwa mama, na mwana wa mama mbaya hasubiriwi mpaka athibitishe. Gari moja la Mfaransa lilipochemsha maji mwaka wa kwanza wa vita, yote ya Mfaransa yakawa yamechemsha maji.

Na hajawahi kuendesha. Mtu huyu aliyeamua nani anunue nini kuanzia Garissa mpaka mpakani hakuwahi kushika usukani hata wa gari lililozimwa. Alipanda gari mara moja tu, kwenda maziko Habaswein, akatapika njia nzima, na aliporudi akasema gari lilikuwa zuri sana.

Nitakuwa mwongo nikisema hakuwa na wema. Chai ya benchi lile ilikuwa yake, na sikuwahi kuona mtu akiinuka pale na kiu. Mke wa fundi cherehani alipofiwa, sanda ilitoka kwake kabla msiba haujatangazwa. Aliwalisha paka, na mpaka leo sijui paka wale walimsaidia nini. Lakini wema wake ulifika pale palipofika jina lake, ukakoma. Ukimgusa jina, ulimkuta mtu mwingine.

Isidhaniwe kwamba mambo haya yalikuwa porojo za mkahawani. Siku zile hakuna gari lililotoka Garissa peke yake. Msafara uliondoka asubuhi, askari mbele na nyuma, na sheria yake aliijua kila mtu: gari likiharibika, msafara hungoja kiasi cha kubadilisha gurudumu. Likihitaji zaidi ya hapo, abiria huhamishiwa magari mengine, askari hawabaki, na dereva huchagua mwenyewe kuliacha gari au kukaa nalo porini. Kwa hiyo swali la gari gani halivunjiki lilikuwa swali la nani atarudi nyumbani, na jibu lake tulikuwa tumemwachia mtu aliyetapika mpaka Habaswein.

Kadhi alikuwa na pikapu mbili, ya Mwingereza na ya Mfaransa, na ofisi yetu ilizikodi zote mbili kupeleka chakula na dawa. Mimi nilikuwa karani wa ugavi. Gari la Mfaransa liliendeshwa na Hassan, mtu wa kando ya mto, mwembamba, wa makamo, aliyesema kidogo. Alilijua gari lile kama mtu anavyomjua mgonjwa wa nyumbani. Alijua ni wapi kwenye mchanga alisimamishe na kufungua boneti kabla halijachemka. Alikuwa amefunga kipande cha ngozi ya mbuzi kwenye mti wa gia ili usiruke. Mlango mmoja ulikuwa wa buluu, wa gari jingine, na aliufunga kwa goti. Kila mwezi lilipata hitilafu, na kila mwezi alirudi nalo, na kila aliporudi Kadhi aliweka mkono juu ya boneti na kusema, "Mfaransa. Anakufa leo."

Asubuhi moja, wakati msafara ukingoja ruhusa, niliketi kwenye benchi na kuanza kumwuliza maswali.

"Kadhi, hili la Mwingereza hubeba nini?"

"Chai. Sukari. Nguo. Mzigo wa heshima."

"Na la Mfaransa?"

"Mahindi. Saruji. Chumvi."

"La Mwingereza hufika wapi?"

"Habaswein. Inarudi."

"La Mfaransa?"

"Habaswein, halafu Diff."

Diff iko mpakani. Kutoka Habaswein kwenda huko njia ilikuwa alama za magurudumu tu, na penye alama nyingi ndipo palipotegwa mabomu.

"Kwa nini?"

Akanitazama kama anayetazama mtoto wa mjini anayeuliza kwa nini mbuzi hatagi. "Ngamia mzuri humbebeshi mpaka mgongo ikatike. Humpeleki penye simba. Yule mbaya akifa, umepoteza mbaya."

Nikacheka kwa sauti. Nilichukua karatasi nikachora safu mbili, mizigo huku na njia huku, nikamwonyesha yeye na wote waliokuwapo kwamba miaka yote hii hajalinganisha magari. Alilinganisha sukari na saruji. Alilinganisha Habaswein na Diff. Gari alilolipenda alilipa kazi nyepesi, kisha akalisifu kwa kutochoka. Gari alilolidharau alilivunja mgongo, kisha akalilaumu kwa kuvunjika. "Hata punda," nilisema, "ukimbebesha sukari ataitwa Mwingereza."

Muuza ngozi mmoja akapiga paja. "Waryaa, Kadhi! Kijana amekufunga!"

"Amefunga na kamba ya karatasi," akasema mwingine, na benchi zima likacheka.

Kadhi hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Sawa," alisema. "Leo Mwingereza anaenda Diff na mahindi. Mfaransa anakwenda Habaswein na sukari, kama bwana harusi. Tutaona."

"Tutaona," nikasema.

"Hassan, wewe shika Mwingereza. Kibali ya Diff iko na jina yako."

Hassan alikuwa amesimama karibu nasi na kikombe chake mkononi. "Adeer," alimwambia Kadhi, kwa neno lile la baba mdogo ambalo madereva wote walimwitia, "mimi ile nyingine nimeizoea. Hii..."

"Nyamaza, Hassan," Kadhi akasema.

"Ngoja kidogo, Hassan," nikasema mimi.

Akanywa chai iliyobaki, akaenda kupanda.

Yaliyompata niliyasikia baadaye kutoka kinywani mwake. Walipokuwa wameshapita Habaswein kuelekea Diff, akiwa na magunia ishirini nyuma, ekseli ya nyuma ilikatika. Angekuwa na gari lake, alisema, angesikia mapema. Hili hakujua sauti yake ya kawaida ni ipi. Msafara ulingoja, ukahamisha abiria, ukaondoka. Yeye alibaki, kwa sababu Kadhi aliwaambia madereva siku zote: gari hailali peke yake. Siku ya pili wakaja watu wenye bunduki kutoka vichakani. Walichukua mahindi, betri na magurudumu, wakamwachia kibuyu cha maji. Akatembea siku mbili mpaka akakutana na wafugaji waliokuwa wakihamishiwa kambini, akarudi nao Habaswein. Huko akapandishwa lori la askari, na hakupandishwa kama abiria.

Maana dereva anayerudi bila gari na bila mahindi ana maelezo mawili tu. Ama gari lilivunjika, ama aliwapelekea shifta chakula kwa mkono wake.

Lori lilisimama mbele ya kizuizi cha Garissa, karibu na mkahawa. Hassan alishuka akichechemea, miguu imevimba, midomo imepasuka. Kadhi akaenda mbio, mara ya kwanza kumwona akienda mbio, nikadhani atamkumbatia.

"Gari iko wapi?" akauliza.

Ofisa wa kizuizi alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye kupenda mizaha. Hakumchukia Hassan. Alitaka kujua jambo moja tu, na njia ya kwenda kulitazama lile gari ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mabomu. Basi akafanya alichofanya kila mtu Garissa: akamwuliza Kadhi. Tulikuwa uani kwake, watu wamejaa kwenye ua wa miiba, na wengi wao nilizijua pikapu zao. Zote za Mwingereza, zote kwa neno la Kadhi.

"Mzee," ofisa akasema, "wewe ndiye mtaalamu. Gari lile linaweza kukatika ekseli kwa magunia ishirini?"

Kadhi akamtazama Hassan, kisha akatazama ua wa miiba na nyuso zilizokuwa nyuma yake. Alitakiwa kusema neno moja, linaweza. Neno hilo lingemtoa Hassan uani pale pale. Lingemgharimu cheo ambacho hakuna serikali iliyompa.

"Adeer," Hassan akasema.

"Gari hiyo haivunjiki," akasema Kadhi.

"Hata kwa magunia ishirini?"

"Wallahi, haivunjiki."

Nikajisukuma mbele. Nikasema kuhusu mizigo, njia, safu mbili. Nikasema gari lolote hukatika, chuma ni chuma. Ofisa alinisikiliza kwa adabu.

"Ulikuwepo, bwana msomi?"

"Sikuwepo."

"Unaendesha gari?"

Nikajibu sijui kuendesha. Watu wakacheka, na safari hii Kadhi alicheka pamoja nao.

Hassan alifungwa mwezi wa Rajabu. Na hapa kuna jambo ambalo bado linanikera kuliko yote: kila siku Kadhi alimpelekea chakula. Wali, nyama, maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Alisimama langoni juani mpaka askari wapokee. Mjini wakasema, tazameni huruma ya mzee yule, dereva amempotezea gari na bado anamlisha. La Mfaransa aliliuza haraka kwa mama mmoja aliyefanya biashara ya maziwa, kama mtu anayeondoa kitu kilichomtia aibu. Mimi nikaandika barua tatu kwa wakubwa, sikujibiwa, nikahamishiwa Nairobi. Nilifurahi kuhama. Nalisema hilo kwa kuwa nimekusudia kusema kweli juu ya watu, nami nikiwamo.

Nilirudi Garissa kwa kazi ya siku mbili baada ya vita kwisha. Msafara haukuwepo tena. Magari yalikwenda na kurudi yapendavyo. Nilifika kwa pikapu ya Mjapani ya ofisi. Benchi lilikuwa pale pale, naye yuko juu yake, ndevu zimepakwa hina upya. Aliinuka kwa shida, akalizunguka gari, akaweka kiganja kwenye boneti.

"Mjapani," alisema. "Huyu hafi."

"Si ulisema amezaliwa amekufa?"

"Yule alikuwa mwingine. Kaa. Kunywa chai."

Nikakaa. Benchi lilikuwa limeegemezwa upande mmoja juu ya kipande kinene cha chuma, kilichokatika mwishoni. Nikauliza hicho ni nini, kwa sababu mimi huuliza.

"Ekseli," akasema. "Ya Mwingereza wangu. Dereva wa msafara aliniletea, njia ilipofunguliwa."

"Lini?"

"Shaaban."

Nikahesabu. Hassan aliachiliwa baada ya Idi ya Mfungo Tatu. Miezi minne chuma hicho kilikuwa hapa, umbali wa kutupa jiwe kutoka langoni kwa ofisa, nacho kilikuwa kesi nzima.

"Hukukipeleka?"

"Nilikwenda nayo mpaka kwa lango."

"Halafu?"

"Halafu nikarudi." Akakitazama. "Ilikuwa nzito."

Nilimwambia niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimeyaweka akiba muda mrefu, nikayatoa yote: kwamba ni mwoga, kwamba alimfunga mtu ili aendelee kuitwa jina la utani, kwamba wali wake wote haukufikia neno moja. Nilipomaliza alinisogezea sukari.

"Wewe kijana ulinishinda siku ile," alisema. "Karatasi yako ilikuwa ya kweli. Mimi nilimwambia Hassan anyamaze. Wewe ulimwuliza alitaka kusema nini?"

Nikataka kumjibu kwamba hayo mawili si kitu kimoja. Si kitu kimoja. Mpaka leo nasema si kitu kimoja, na ningeweza kumchorea safu mbili kumwonyesha. Lakini sikuwa nimemwuliza.

Hapo tukasikia gari likitoka upande wa daraja, injini ikikohoa kwa namna niliyoijua hata mimi nisiyejua injini. Mlango wa buluu. Nyuma yamepangwa madebe ya maziwa, na Hassan kwenye usukani, amenenepa kidogo. Alikuwa akiendesha polepole kama lenyewe lilivyopenda.

Kadhi aliinuka. Alikaza kikoi, akajongea mpaka ukingoni mwa barabara, akanyoosha kiganja usawa wa boneti kulipokea. Nami niliinuka, nikainua mkono kumsalimu.

Hassan alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Akabadilisha gia, akapita. Tukabaki pale, wawili ambao hatujui kuendesha, mikono yetu ikiwa hewani katika vumbi lake.